Neno Lililogeuzwa Njiani Lilinikata Mguu

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mwislamu, mzaliwa wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Nina mke na watoto watatu. Mguu nina mmoja tu. Wa pili unaishia chini kidogo ya goti, na wanaoniona sokoni na mikongojo yangu hudhani niligongwa na lori au niliponea mdomoni mwa mamba.

Sivyo... Mguu wangu ulikwenda kwa sababu ya neno. Neno moja tu, lililotoka kwa rafiki likiwa zuri, likanifikia likiwa sumu!

Kazi yangu ilikuwa kupasua mbao. Miaka ile reli ilikuwa inakaribia Kasese, na kila mtu alitaka mbao: za milango, za mapaa, za vibanda vya biashara vilivyokuwa vinachipuka kila upande. Tajiri wetu, Mzee Hamisi, mwenye malori, alikuwa na kambi mlimani juu ya Rukoki. Hapo ndipo tulipofanya kazi, mimi na mwenzangu Bwambale.

Huenda wengine hamjawahi kuiona kazi hii. Linachimbwa shimo refu, kina chake kinampita mtu mzima. Juu yake zinalazwa boriti mbili za kukatiza, na juu ya boriti linalala gogo. Msumeno ni mrefu, una mpini huku na mpini huku. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yumo shimoni. Wa juu anavuta, wa chini anavuta, mpaka gogo linageuka kuwa mbao.

Mimi nilikuwa wa chini. Na mtu wa chini haoni kitu! Unga wa mbao unamwagika machoni, puani, mdomoni. Kama gogo limekaa vibaya, hajui. Kama boriti imechoka, hajui. Anachokijua ni kile tu anachoambiwa na aliye juu.

Bwambale alikuwa Mkonzo kwa kabila, mtu wa Karambi, Mkristo, mtu mrefu mwenye maneno ya polepole. Lakini akiwa juu ya gogo hakunyamaza. "Yusufu, kifundo!" "Yusufu, sogea kushoto!" "Yusufu, pumzika, jicho lako lina vumbi!" Nilivuta msumeno nikiwa nimefumba macho, na sikuogopa. Kwa nini niogope? Macho yangu yalikuwa juu, kichwani mwa Bwambale.

Ijumaa aliniacha niende kuswali bila kunung'unika. Jumapili alipokwenda kanisani, mimi nilibaki nikinoa msumeno. Mwezi wa mfungo hakula mbele yangu hata siku moja. Tulipika chungu kimoja. Mkewe, Masika, alipokuja kambini alileta viazi vyangu pamoja na vya mumewe, wala hakuna aliyeuliza vipi ni vya nani.

Mapenzi ya ndugu, wasomaji! Nani angefikiri yangevunjika?

Wakati huo shemeji yangu Kasimu, kaka wa mke wangu Safina, alikuwa hana kazi. Mtu mzima, mwenye akili, amekaa tu barazani kwa mama yake pale Bwera. Safina aliniomba, nami nikamwomba Mzee Hamisi. Kasimu akaja kambini. Alikuwa na ulimi mwepesi: Kikonzo anajua, Kiganda anajua, Kiswahili anajua, hata Kifaransa kidogo cha mpakani. Haukupita muda Mzee Hamisi akamfanya mnyapara wetu. Nilifurahi. Nilimwandikia... la, nilikwenda mwenyewe nyumbani kumwambia mke wangu. Safina alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Sasa sikilizeni jinsi shari ilivyoingia.

Mimi na Bwambale tulikuwa na mpango. Ukoo wake Karambi ulikuwa na msitu mdogo, na tulitaka kwenda kuchimba shimo letu wenyewe huko. Hatukumwambia mtu. Tuliogopa habari zisije zikamfikia tajiri kabla hatujawa tayari. Jioni, kazi ikiisha, tulikaa nyuma ya rundo la mbao tukizungumza kwa sauti ya chini.

Siku moja Kasimu akanijia na uso wa huruma. Akaniambia kwamba Bwambale analalamika. Anasema Ijumaa zangu zinamchelewesha, na kwamba naswali ili kukwepa msumeno. Kasimu akasema anasikia uchungu kuniambia, lakini mimi ni mume wa dada yake, angenifichaje?

Moyo wangu ulipasuka! Bwambale? Bwambale aseme hivyo?

Ningekwenda kumwuliza... Hatua chache tu, alikuwa amekaa pale karibu na moto. Sikwenda. Nilikaa nikimtazama kwa mbali, nikaona hata anavyokunywa uji ana kiburi.

Kesho yake Bwambale hakula nami. Alichukua chungu chake kidogo, akaenda kupika peke yake nyuma ya kibanda. Basi! Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili. Nikasema moyoni, kumbe ni kweli, mtu huyu ananichukia.

Mimi sikujua kwamba naye alikuwa ametembelewa. Kasimu alimwambia kwamba mimi naona kinyaa kula chungu kimoja na mtu anayekula nguruwe, ila naona haya kusema. Bwambale, kwa heshima yake, akaondoa chungu chake ili nisipate taabu! Alichokifanya kwa ustaarabu, mimi nilikiona dharau.

Tangu hapo tukanyamaziana.

Mnaweza kufikiri watu wawili wanaoshika msumeno mmoja bila kusemezana? Hapakuwa tena na "Yusufu, kifundo". Hapakuwa na "Yusufu, sogea". Nilisikia tu chuma kikipanda na kushuka, na unga ukinimwagikia. Mbao zikaanza kutoka zimepinda. Kukiwa na neno la lazima, tulimpa Kasimu alipeleke, hata kama tumesimama karibu kiasi cha kugusana. "Mwambie mwenzako alete kabari." "Mwambie mwenzako msumeno umekuwa butu." Naye Kasimu alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama balozi kati ya wafalme wawili.

Mzee Hamisi alipoona mbao zimeharibika alikuja na lori lake, amekasirika. Alimwita nani? Alimwita Kasimu. Wakazungumza kando ya lori. Sisi wawili tukasimama tukisubiri kuitwa, mmoja huku, mmoja kule. Hatukuitwa. Lori likanguruma, likaondoka. Kasimu akatuambia tajiri amesema tuwe waangalifu, na kila jambo lipitie kwake yeye mnyapara.

Ndipo ikafika asubuhi ile...

Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa. Tulikuwa na gogo kubwa lililokwisha pandishwa, limepasuliwa nusu. Bwambale aliwahi kufika shimoni kabla yangu. Nilimwona kwa mbali anainama, anagonga boriti kwa shoka, anainama tena. Kisha akamwita Kasimu, wakasema maneno mawili matatu. Kasimu akaja kwangu.

Nilimwuliza anasemaje. Kasimu akanijibu, "Anasema leo hataki kufanya kazi na wewe."

Wallahi! Hataki kufanya kazi na mimi? Mimi niliyemeza unga wa mbao chini ya miguu yake muda wote huo? Nikasema, leo atanijua mimi ni nani. Nikavua shati, nikamsukuma Kasimu kando, nikaenda moja kwa moja, nikajitupa shimoni. Nikaushika mpini wa msumeno nikautikisa kwa nguvu, kana kwamba nauliza, mwanamume ni nani hapa?

 Nilimwona Bwambale amesimama ukingoni, ananitazama. Alifungua mdomo... Mpaka leo nauona mdomo ule ukifunguka! Kisha akaufunga. Akapanda juu ya gogo.

Tulivuta mara chache tu. Nikasikia mlio, mfupi, mkavu. Boriti ilikatika. Gogo likashuka.

Nilijirusha pembeni, lakini mguu ulibaki nyuma.

Sitaeleza sana maumivu yale. Nakumbuka Bwambale alikuwa nami chini shimoni, anachimba udongo kwa mikono, analia kwa sauti kama mtoto, anaita jina langu: "Yusufu! Yusufu!" Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo ikiniita kwa muda mrefu sana. Kisha sikujua tena kitu.

Nilizinduka hospitali. Safina alikuwa amekaa chini, ameshika upande wa shuka ambapo mguu wangu ungekuwepo. Ambapo haukuwepo...

Kasimu alikuja kuniona. Alikuwa amekonda. Alisema Bwambale alijua boriti ni mbovu, tena aliigonga kwa shoka mwenyewe, nami nilimwona. Je, nilihitaji kuelezwa zaidi? Nilimwona kwa macho yangu! Nikaamini kwamba mwenzangu alitaka kuniua.

Bwambale alipokuja na mkewe, wamebeba ndizi na kuku, nilijifunika blanketi usoni nikamwambia Safina awafukuze. Nikasikia miguu yao ikitoka. Taratibu, nzito. Alikuja tena. Nikamfukuza tena.

Nilirudi Bwera nikiwa mzigo wa mke wangu. Watoto walikuwa wananiogopa. Yule mdogo, Hadija, alikuwa anauliza mguu wa baba utaota lini. Niliketi nyuma ya nyumba kutwa nzima, nikilisha chuki yangu. Mwanamume niliyekuwa napasua magogo, nikawa naletewa maji ya kunawa!

Safina alianza kuuza mihogo sokoni ili tule. Na ni sokoni huko ambako mambo yalifunuka.

Masika, mke wa Bwambale, alikuja soko la Bwera na maharage yake. Safina alipomwona alitaka kugeuka. Masika akamshika mkono, akamwambia mbele ya watu, "Mama Hadija, nitukane, lakini usiondoke. Mume wangu halali. Anauliza swali moja tu: kwa nini Yusufu alishuka, na neno alipelekewa?"

"Neno gani?" Safina akauliza.

"Kwamba boriti inapasuka. Kwamba asishuke mpaka wabadilishe. Alimtuma Kasimu."

Fikirini, wasomaji, mke wangu alivyosimama pale na mihogo yake! Kasimu ni kaka yake, tumbo moja. Akinyamaza, anamhifadhi kaka yake, nami naendelea kumchukia mtu asiye na kosa. Akisema, anamvunja kaka yake. Aliniambia baadaye kwamba alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akilia, akifuta machozi, akilia tena.

Alisema. Alikaa mbele yangu, akasema kila kitu. Kisha akaniomba jambo moja. "Baba Hadija, usiamue wewe na moyo wako. Tumeumia kwa maneno ya kubebwa. Waite wote, wakae hapa, kila mtu aseme kwa mdomo wake."

Nilitaka kukataa. Nilitaka panga! Lakini nilimtazama mke wangu, nikaona aliyekuwa anaumia zaidi ni yeye. Nikakubali.

Walikuja siku ya Ijumaa baada ya swala. Bwambale na Masika walifika mapema. Hatukusalimiana vizuri, kila mmoja alitazama chini tu. Kasimu alipoingia uani na kuwaona, alirudi nyuma. Safina alikuwa amekwisha simama kwenye lango.

"Kaka, kaa chini," alisema. "Leo hakuna wa kumsemea mwingine."

Kasimu akakaa.

Bwambale ndiye aliyeanza, na Kiswahili chake cha kule milimani. "Kasimu, asubuhi ile, mimi nakuambia nini? Mimi nagonga boriti kuipima, nasema, inapasuka, Yusufu asishuke. Nasema hivyo ama hapana?"

Kasimu alitazama miguu yake.

"Nami uliniambia nini, shemeji?" nikauliza. "Uliniambia, Bwambale leo hataki kufanya kazi na wewe. Ndivyo au sivyo?"

"Lakini si maana ni moja?" Kasimu akasema haraka. "Asishuke, hataki kazi... si ni kitu kimoja? Nilijua utakasirika, utarudi kibandani, hutashuka! Nilijua hutashuka!"

Masika alipiga kelele kama mtu aliyechomwa. Bwambale akainua mkono kumnyamazisha, kisha akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na mimi pia nasema kosa yangu. Mimi naona wewe naingia shimoni. Mimi nasema moyoni, huyu amepewa neno, ameangalia boriti, ameona iko mzima, anadharau macho yangu. Nafungua mdomo, kiburi inanifunga. Yusufu, mimi iko mutu wa kukuua wewe?"

 Nilikuwa nalia.

Kisha Safina akamwuliza kaka yake swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza. "Kwa nini, Kasimu? Walikukosea nini?"

Hapo Kasimu alilipuka. "Walitaka kuniacha! Niliwasikia nyuma ya rundo la mbao. Wanakwenda Karambi, wanachimba shimo lao, wawili! Na mimi je? Nirudi kwa mama, nikae barazani, watu wanicheke? Nilitaka tu wagombane kidogo, wasiondoke. Kidogo tu! Sikutaka mguu wa mtu!"

 Bwambale akamgeukia, akasema taratibu, "Wewe ulikuwa mutu wa tatu. Mimi najua kusema na wanunuzi? Yusufu anajua? Tulisema, Kasimu atauza mbao, ana ulimi. Tulisema hivyo siku ya kwanza kabisa."

Niliapa mbele yao kwamba ni kweli. Na ni kweli! Tulikuwa tumekubaliana. Tulikuwa tunangoja mambo yakamilike ndipo tumwambie.

Uso wa Kasimu ulibadilika rangi.  Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mbona hamkuniambia?"

Swali hilo, wasomaji, hakuna aliyelijibu. Mimi mpaka leo nalitafutia jibu silipati. Tulimficha kwa sababu ulimi wake ulikuwa mwepesi. Yeye akatuchonganisha kwa sababu tulimficha. Na katikati ya hayo yote hakuna aliyesimama na kusema, jamani, mbona hivi?

Tulimwambia tumemsamehe. Bwambale alimshika bega. Lakini Kasimu hakuweza kuinua macho. Siku chache baadaye tulisikia ameonekana Mpondwe, amevuka kwenda upande wa Kongo. Hajarudi. Mama mkwe wangu anamlaumu Safina kwamba amemfukuza mwanawe kwa mdomo, na tangu hapo hakanyagi kwetu. Sikukuu zikifika, mke wangu hupika, halafu hukaa mlangoni akitazama njia. Mnadhani furaha gani hiyo?

Mzee Hamisi alinitembelea mara moja. Alisema kama angejua, angetuita. Sikutaka kumvunjia heshima mzee, lakini nilimwambia: tulikuwa tumesimama pale pale, Mzee, karibu na lori lako.  Nasikia siku hizi akifika kambini anashuka kwenye lori na kuzungumza na kila mtu.

Shimo la Karambi tulilichimba. Bwambale yuko juu, na chini yuko Thembo, binamu yake. Mimi nakaa na tupa yangu chini ya paa la nyasi, nanoa misumeno. Hiyo kazi haihitaji miguu miwili.

Asubuhi, kabla msumeno haujainuliwa, tunakaa watatu. Mwenye jambo moyoni analitoa akimtazama anayehusika. Si raha siku zote! Juzi Thembo aliniambia kwamba wiki hii nimenoa ovyo, meno hayalingani, mikono inamuuma. Nilikasirika, damu ikanipanda. Nilimjibu vibaya. Lakini alikuwa amesema usoni mwangu, hakumtuma mtu, basi nikauchukua msumeno nikautazama. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimenoa huku nikiwaza mambo ya nyumbani. Nikamwambia hivyo, nikaunoa upya, na adhuhuri tulikula pamoja.

Ningefanya hivyo zamani... ah! Ningevuka zile hatua chache mpaka kwenye moto, nikasema, "Bwambale, nimesikia unalalamika juu ya Ijumaa zangu, ni kweli?" Angenishangaa, tungecheka, leo ningekuwa nakimbizana na wanangu.

Ndugu yangu unayesoma, unayefanya kazi dukani, garini, shambani, ofisini, yuko mwenzako ambaye humsemeshi? Yuko unayemtumia watu? Kila anachokifanya unakiona kibaya, hata anavyokunywa uji? Nakuomba, inuka leo umwendee. Ukiona haya, nenda na haya zako. Na wewe mkubwa wa kazi, usisikilize mdomo mmoja ukadhani umewasikia wote. Na kama mna mipango, msimfiche mtu ambaye mipango hiyo inamgusa. Hamjui anawaza nini huko gizani mlikomwacha.

Na kama kuna anayesoma haya huko Kasindi au Beni, upande wa Kongo, akamwona mtu wa Bwera mwenye lugha nyingi aitwaye Kasimu, namwomba asimpelekee salamu zangu wala radhi zangu. Amwambie tu aje nyumbani. Nina neno lake, na safari hii nataka alisikie kutoka mdomoni mwangu.